Choo Kirefu Kuliko Vyote Gatete

Gatete, Alhamisi alasiri

Kaneza mwanangu,

Amahoro, amani iwe kwako. Najua uko chumba cha pili tu hapo, nakusikia unavyopiga pasi blauzi zako huku unaimba, na ningeweza kukuita. Lakini kuna mambo nikiyasema kwa mdomo nitayapamba, unanijua. Kwenye karatasi nakuwa mkweli zaidi, labda kwa sababu naandika polepole. Mwandiko huu nilipewa na darasa la tano la kambini Tanzania, na mwalimu wetu alikuwa akisema hakuna mtoto wa kuandika herufi za mviringo kama mimi. Hilo silipambi. Alisema mbele ya darasa zima.

Ya kukuagiza ni mengi na sitayaandika. Shangazi yako ameshakuambia ya wanaume, baba yako ameshakuambia ya kufunga mlango, na ya chakula nitakuambia kesho unapopanda basi. Hapa nataka tuzungumze habari ya lile somo lako.

Jana ulinikalisha kwenye kigoda ukanisomea. Ukasema, "Mama, wanafunzi wangu wa Muhuta, somo lao la kwanza ni wewe." Mwanangu, moyo wangu ulijaa kama bidoni ya maji iliyosahauliwa kwenye bomba. Umeandika vizuri! Umeandika jinsi kisima chetu kilivyoharibika kwa mazutu, dizeli ya mashine, na jinsi mama yako, mwenyekiti wa komite ya kisima, alivyoinuka bila kusubiri serikali wala mradi, akawaonyesha watu kuwa uchafu tunaoumwaga juu tunakuja kuunywa kutoka chini. Nilikuwa natikisa kichwa, nasema ndiyo, ndiyo, huyo ni mimi. Halafu ukafika katikati. Ukasoma: "Aliyemwaga mazutu alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi, Mkongomani, aliyeitwa Baba Riziki." Ukainua macho ukingoja nikupigie makofi. Mimi nikakohoa, nikasema naenda kugeuza samaki wa ndagala juani.

Ndagala nilikuwa nimeshazigeuza.

Kaneza, mazutu ile niliimwaga mimi.

Nimeliandika na sitalifuta. Sasa kaa kitandani, acha hiyo pasi, nikueleze tangu mwanzo, maana hata mazutu yenyewe siyo mwanzo.

Tuliporudi kutoka Tanzania wewe ulikuwa mgongoni. Nakumbuka kambini tulivyoishi: bomba la maji liko huku, vyoo viko kule mbali, na katikati mtu amechora mstari. Miaka yote ile tulitembea mpaka vile vyoo, kwenye mvua, na tumbo linauma, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kwa nini vimewekwa mbali. Tulidhani ni ukali tu wa watu wa kambi. Tulikuwa tunasema, siku tukirudi kwetu, choo kitakuwa mlangoni, na hakuna mtu wa kutuchorea mstari tena. Ndivyo tulivyofanya. Tulipopewa kiwanja hapa Gatete, kitu cha kwanza nilichomwambia baba yako siyo nyumba. Nilimwambia, "Nichimbie choo. Karibu. Na kirefu."

Baba yako, unamjua, ukimwambia kitu kimoja anakifanya mpaka mwisho. Alichimba wiki tatu. Akawa anashuka kwa kamba, na mimi navuta udongo. Siku moja akapiga kelele kutoka chini: "Mama Kaneza, miguu imelowa!" Tukacheka sana. Tukashangilia, mwanangu! Tulikuwa tumefika kwenye maji, na tuliona hiyo ni baraka, kwa sababu choo chenye maji chini hakijai. Cha majirani kilijaa baada ya miaka mitatu, wakachimba kingine. Changu, hata! Nilikuwa nawapeleka wageni kukiona. Nilikuwa naokota jiwe, nalidondosha, nawaambia, "Nyamazeni, sikilizeni." Kimya, kimya, halafu: chubwi! "Choo kirefu kuliko vyote Gatete," nilikuwa nasema. Hata padri nilimwonyesha.

Halafu watu wa mtaa wakataka kisima. Na mama yako, kwa huu mdomo wangu, nikawashawishi kichimbwe hapo chini yetu, hatua kama thelathini kuelekea ziwani, ili kiwe karibu na mlango wangu. Nilikuwa nimeshajiona mwenyekiti. Nikawa mwenyekiti. Hakuna mtu aliyeuliza maji ya chini yanatoka upande gani. Na mimi niliyejua urefu wa choo changu kuliko nilivyojua urefu wa watoto wangu, sikuuliza.

Sasa siku ya komunyo yako ya kwanza ikawa inakaribia. Wageni wanatoka Bujumbura, mjomba wako na mke wake yule mwenye pua ya kunusa kila kitu. Na choo kilikuwa na mafunza na nzi. Mtu akaniambia mazutu inawaua. Nikaenda kwa Baba Riziki. Alikuwa mtu wa Fizi, amekuja na mke na watoto, anatengeneza mashine za mitumbwi pale ufukweni, na anauza mafuta, esansi na mazutu, kwa chupa. Nikanunua bidoni nzima ya lita tano. Akaniuliza, "Mama Kaneza, umenunua kinu?" maana watu wenye vinu vya kukamua mawese ndio walinunua mazutu nyingi hivyo. Nikacheka nikamwambia, "Bado, lakini nitanunua." Nikaenda nikaimwaga yote shimoni. Nzi wakafa. Mke wa mjomba wako akaingia, akatoka, hakusema neno. Nilijiona nimeshinda vita.

Mvua za kwanza zilipopiga, kisima kikaanza kunuka.

Mkutano wa kisima hukuhudhuria, ulikuwa mtoto, kwa hiyo uliyoandika umeyasikia kwa watu. Acha nikusimulie mimi niliyekuwepo. Ndoo ilikuwa katikati yetu, maji yana rangi rangi juu yake kama shingo ya njiwa. Mtu akasema, "Nani iko na mazutu hapa Gatete?" Shingo zote zikageuka upande mmoja. Baba Riziki alikuwa amesimama nyuma, mikono bado ina grisi.

"Miye sikumwanga kitu," akasema. "Mazutu yangu ni ya kuuzisha. Nitaimwanga bure juu ya nini?"

Watu wakacheka kidogo, na kama ningeacha kicheko kile kiendelee, pengine yangeishia hapo. Lakini mwenyekiti ni mimi. Nilikuwa na daftari na kalamu. Nikasema kwa sauti ile yangu unayoijua, "Unauza mazutu au huuzi?"

"Nauzisha, mama."

"Basi imetoka kwako."

Akanitazama. Kaneza, alinitazama kwa muda mrefu. Akasema polepole, "Mama Kaneza, mazutu yangu watu wengi wanainunua. Kila mtu anajua penye aliipeleka."

Alikuwa anajua. Lita tano, bila kinu, angekosa kujua vipi? Alinifungulia mlango mbele ya watu wote, akitaka niupite mwenyewe. Na mimi nikasema, "Usituzungushe. Jibu swali."

Mpaka leo sijui kwa nini hakunitaja. Labda alijua neno la mgeni halitashinda la mwenyekiti. Labda alinionea huruma, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Vijana walienda wakapasua bidoni zake. Wanawake wakamkatalia Mama Riziki kuchota hata pale tulikohamia kuchota mpaka kisima kitakate, akawa anakwenda ziwani na ndoo, na mimba yake. Baada ya miezi miwili walipakia vitu kwenye mtumbwi wakahamia Muhuta. Wewe ulilia kwa ajili ya Riziki, mlikuwa mnaruka kamba pamoja. Nikakuambia wamepata kazi nzuri kule.

Muhuta, mwanangu. Huko huko unakokwenda kusimama mbele ya ubao na kusoma jina lake. Riziki ana umri wako. Wadogo zake ndio wanaokaa kwenye madawati sasa.

Baba yako alijua siku ile ile. Aliniambia mara moja tu: "Mama Kaneza, lile shimo na kile kisima ni maji yale yale." Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Lakini kesho yake alichukua jembe akaanza kujaza shimo, bila kuniuliza, na mimi nikachukua beseni nikambebea udongo. Watu walipouliza tukasema kuta zimechoka.

Tulipokuwa tunajaza ndipo nilipofikiri jambo ambalo halijawahi kunitoka. Mazutu ilituonea huruma, Kaneza, kwa sababu inanuka. Na kabla ya mazutu je? Miaka yote ile shimo langu lilikuwa linashuka ndani ya maji kimya kimya, na kisima kilikuwa kitamu, baridi, hakina harufu. Wewe uliharisha kila msimu wa mvua mpaka macho yanaingia ndani. Watoto wa jirani pia. Nilikuwa nakupa dawa, na dawa nakuteremshia kwa kikombe cha maji ya kisima. Nilikuwa nawaambia watu ni maembe mabichi.

Sitaki ulie. Mimi nimeshalia, na kulia kwangu hakukusafisha ndoo hata moja.

Nilichofanya baadaye, hicho ulichoandika, ni kweli chote, na sitamwachia mtu aninyang'anye. Tulijenga choo kipya juu ya ardhi, mashimo mawili mafupi yaliyojengwa kwa matofali na saruji, mbali na kisima, kwa upande ambao maji hayaelekei kwake. Ngazi tano za kupanda! Kila mtu aliyepita njiani alimwona mwenyekiti anapanda. Walinitania mwaka mzima. "Mama Kaneza anapanda kiti chake!" "Mama Kaneza, huko juu unaona Kongo?" Nikawa nawajibu, "Naiona, na naona pia nyumba yako haina ngazi." Nilipanda asubuhi na kichwa juu. Nikamwaga majivu. Shimo moja likijaa tunalifunga, tunatumia la pili, na baada ya mwaka na zaidi linatoka udongo mweusi, mkavu, tunaupeleka kwenye migomba kule juu. Nionyeshe migomba ya Gatete yenye mikungu kama ya kwangu. Huwezi.

Halafu wakaja mmoja mmoja kuuliza. Hakuna aliyewalazimisha. Waliokuwa wanamwaga maji meusi ya mawese kwenye mashimo karibu na kisima wakayahamisha. Wanaopika sabuni wakaacha kumwaga maji makali ya soda pale pale walipopikia. Mbuzi wakafungwa mbali. Na mbolea, nakumbuka tulivyogombana juu ya mbolea! Mtu anamwaga mfuko mzima mvua ikiwa imeshatanda, halafu analalamika mihogo haikushiba. Mihogo itashibaje, ameinywa nani hiyo mbolea kama siyo sisi kisimani?

Na Kamana wa nyanya, umemweka kwenye somo lako lakini hukumweka sawa. Umesema nilimwelimisha. Sikumwelimisha kitu. Nilimkuta anasuuza pompe ya kupulizia dawa ya nyanya pembeni ya kisima. Nikamwambia aondoke. Akasema, "Kwani kisima iko yako?"

"Siyo yangu."

"Basi leta karatasi ya sheria. Iko wapi?"

"Sina karatasi," nikamwambia. "Nina kikombe." Nikachota pale pale kwenye kidimbwi cha pompe yake, nikamnyooshea. "Kunywa, kijana wangu. Ukinywa wewe, na mimi nanywa."

Akaangalia kikombe. Akaniangalia mimi. Akasema, "Mama, wewe ni mwendawazimu."

"Ndiyo. Kunywa."

Alibeba pompe akaenda kuisuuza katikati ya shamba lake, na maji ya kusuuzia akayapulizia nyanya zake mwenyewe. Mpaka leo anafanya hivyo, na mpaka leo ananiita mwendawazimu, na kila mwaka ananiletea kikapu cha nyanya.

Lakini unajua nilipata wapi ule ujasiri wa kikombe? Nilikuwa namwona Kamana na najiona mimi. Juu ya ardhi mtu akiiba kuku, jirani anaona. Chini hakuna anayeona. Hakuna polisi wa kushuka kule, wala sheria yenye macho ya kuona ulichomwaga nyuma ya nyumba yako ukiwa peke yako. Ajuaye ni mmoja tu, aliyemwaga. Kwa hiyo kama yeye hatajisimamia mwenyewe, hakuna atakayemsimamia, na tutaendelea kumtafuta Mkongomani. Nimewaambia watu maneno haya miaka yote, wakaniona mwenye hekima, na hawakujua nimeyasomea wapi.

Sasa watasema. Nawajua watu wangu. Watasema, "Kumbe! Kumbe zile bidii zote zilikuwa ni hatia tu!" Wacha waseme. Nitawaambia, ndiyo, ilikuwa hatia. Na maji yalitakata au hayakutakata? Watoto wenu wanaharisha kama zamani? Rudisheni basi mashimo yenu mlipoyatoa, kama mnafikiri kazi ya mwenye dhambi haifai. Uenyekiti wauchukue. Daftari liko mezani. Ila choo changu chenye ngazi sitakipanda nimeinama, na kuchota nitachota.

Wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa. Si komite, si chefu wa kolini, mkuu wetu wa hapa. Wewe. Unavyonitazama unaposoma, kama vile mimi ni picha ya ukutani. Nilipenda kutazamwa hivyo, siwezi kukudanganya tena. Nilitaka niendelee mpaka nife. Lakini jana nilisikia jina la mtu asiye na kosa linatoka kinywani mwako kwa sauti nzuri ya mwalimu, na nikaona kwamba uchafu wangu umeshafika kwako, na wewe unaupeleka Muhuta kwenye vikombe vya watoto.

Kwa hiyo lile somo, usilitupe. Futa jina lake uweke langu. Liandike lote, na vizuri. Wafundishe watoto choo kirefu, wafundishe jiwe na chubwi, watacheka, watoto wanapenda habari za vyoo. Halafu wafundishe lita tano. Wakikuuliza huyo mama mbaya ni nani, uamue mwenyewe kama utasema. Mimi sitakuona vibaya ukinyamaza siku ya kwanza. Siku ya pili nitakuona vibaya.

Na kwa Baba Riziki usiende kunisalimia wala kuniombea msamaha. Huo mzigo ni wa kichwa changu. Jumapili baada ya misa napanda basi naja Muhuta, na mlango wa kwanza nitakaobisha siyo wako. Akinifukuza, nitakaa nje mpaka anifukuze tena. Akitaka nirudi naye Gatete nikaseme mbele yake kisimani, nitarudi naye. Nimevaa vitenge vizuri kwenye harusi za watu nisiowapenda, nitashindwa kuvaa kimoja kwa ajili yake?

Utasema, mama, subiri kwanza, fikiri. Nilijua utasema hivyo, na nilijua pia mimi mwenyewe, nikifika kisimani Jumamosi kwenye kazi za mtaa, nitatafuta njia ya kulipamba. Ndiyo maana, kabla sijakaa kuandika, niliteremka kwa Mama Jeni. Mama Jeni anauza sabuni hapo njia panda, na unajua kuwa ukitaka habari ifike Rumonge mjini kabla ya basi, unampa yeye.

Nikamwambia yote, nimesimama. Alikuwa anakata sabuni, kisu kikabaki hewani.

"Wewe?" akasema. "Wewe mwenyewe, Mama Kaneza?"

"Mimi."

"Na tulimfukuza yule mwanaume na mke mwenye mimba?"

"Mimi ndiye niliyewafukuza. Ninyi mliniamini."

Akakaa juu ya bidoni. Mwisho akaniuliza, karibu kwa kunong'ona, "Sasa ni siri? Nisimwambie mtu?"

"Mwambie kila mtu," nikasema. "Anza na wanaokuja kuchota saa kumi."

Saa kumi imepita, mwanangu. Tangu nianze ukurasa huu nilikuwa nasikia bidoni zikigongana kisimani na wanawake wakicheka, halafu vicheko vikakatika vyote kwa pamoja. Sasa nasikia wanapanda njia, wengi, hawaongei. Baba yako ameacha chikichi zake ameinuka, anataka kufunga mlango. Nimemwambia auache wazi.

Karatasi hii naipitisha chini ya mlango wako; ukimaliza kusoma, rudi kwenye pasi. Usitoke. Hii ni ya kwangu, naenda kuwapokea.

Mama yako,
Daforoza